Nilivyomfuata Mwenyekiti Mhoja

Mmeniuliza sana. Mama Yunge ameniuliza kisimani, mwalimu ameniuliza kanisani wakati wa sadaka, na wale wa kikundi cha ususi wamekuja nyumbani kabisa, wakakaa, wakanywa chai yangu, wakasema hawaondoki mpaka niwaambie kilichotokea Nyabulanda. Kila mmoja nilimpa kipande. Sasa nasikia vipande vimeungwa hovyo, na kuna mtu anatangaza kwamba nilifungwa jela huko Geita kwa kesi ya mbuzi. Sikufungwa. Kesi ya mbuzi ilikuwepo. Ndiyo maana nimekaa kuandika, msome wote kitu kimoja, ingawa nawaonya mapema kwamba mambo mengine mimi mwenyewe sijayaelewa mpaka leo.

Sababu ya safari mnaijua, lakini nairudia kwa ajili ya dada yangu aliye Tabora. Kilima chetu kilikuwa kinaisha. Upande mmoja wachoma mkaa, upande wa pili malori ya kubeba magogo ya machimboni, na chini yake chemchemi yetu ambayo kiangazi hiki ilianza kutoa tope. Mvua nazo siku hizi hazieleweki. Mwaka mmoja zinakata reli na barabara, mwaka unaofuata tunaomba kwa kufunga. Mimi kama mwenyekiti wa kitongoji nilitaka kata ipige marufuku kukata miti kilimani. Diwani wetu, aliye pia mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, ni shemeji yangu Masunga, mdogo wa marehemu mume wangu. Ndiye aliyewasomesha wanangu Kulwa na Doto baba yao alipofariki. Kwa hiyo nikibishana naye, mjue nabishana na mtu ninayempenda.

Masunga alisema kwenye kamati, "Shemeji, marufuku ni rahisi kuandika. Watu watapikia nini? Na nani atawakamata, wewe na kanga yako?"

Nikamwambia habari nilizozipata kwa muuguzi mmoja aliyehamia hospitali ya misheni hapa Kolandoto. Huyo muuguzi alifanya kazi kijiji kinachoitwa Nyabulanda, mbele ya Runzewe, kuelekea machimbo ya Geita. Alisema mwenyekiti wa kijiji hicho, Mhoja, amemaliza mkaa kabisa. Kila nyumba ina jiko la udongo linalokula kuni chache, malisho yamefungwa na miti imerudi, na zahanati inawasha taa na friji ya chanjo kwa nguvu ya jua.

"Basi mlete," alisema Masunga. "Aje aseme kwa mdomo wake. Akija, mimi wa kwanza kunyoosha mkono. Asipokuja, tunagawa vibali vya kukata, angalau kata ipate ushuru."

Kamati ilikuwa ikutane kabla ya mvua za kwanza. Nikafunga mzigo.

Kolandoto hadi Nyahanga

Basi la kutoka Shinyanga mjini lilikwenda vizuri mpaka kijiji kimoja ambacho jina lake sikulishika, likasimama. Nikadhani ni pancha. Kumbe kondakta amefiwa na mjomba wake, nyumba ya msiba iko palepale barabarani, na dereva hawezi kupita kama hajaona. Dereva akateremka, kondakta akateremka, na abiria mmoja mmoja, kwa kuona aibu, tukateremka. Nilijikuta nimekaa kwenye mkeka na kina mama, nimejifunga kanga kichwani, namlilia marehemu nisiyemjua hata jina. Tukaletewa wali na maharage. Mama mmoja aliniuliza nilikuwa nani kwa marehemu, nikasema mimi ni wa basi. Aliniongeza mchuzi. Tulipoondoka jua lilikuwa limeshapinda, na dereva aliendesha polepole kwa heshima, jambo ambalo lilitufikisha Kahama tumechoka kuliko kama tungetembea.

Nyahanga, palepale Kahama, nilifikia kwa Bwana Nurdin. Wale wa zamani mnamkumbuka. Ni yule Mhindi mwenye duka la vifaa ambaye marehemu mume wangu alikuwa akinunua kwake majembe ya plau. Mke wake, Mama Salima, alinipa chapati na mchuzi wa dengu, akanilaumu kwamba nimekonda. Tulikuwa tunaongea vizuri tu mpaka niliposema nakwenda kwa nani. Bwana Nurdin akapunguza sauti ya redio. Akaenda mlangoni, akaangalia nje, akarudishia mlango wa dukani.

"Kwa Mhoja? Umetumwa na mtu wa kule?"

"Sijatumwa. Namfuata aje kwetu."

"Wewe ulikulia wapi, Mama Kulwa?"

Swali gani hilo? Nikamwambia nilikulia hospitalini Kolandoto, kwenye nyumba za wafanyakazi, mama yangu alikuwa muuguzi.

"Kwa hiyo mambo ya Kisukuma ya vijijini huyajui sana."

"Nayajua kidogo."

"Kidogo inatosha," alisema, akaonekana kama mtu aliyetua mzigo. Akaingia stoo, akarudi na dumu la maji ya betri. Akanieleza kwamba ndiye aliyewauzia Nyabulanda ile mitambo ya jua, kwamba betri zake zisipoongezwa maji hayo zinakufa, na kwamba Mhoja ndiye anayezitunza. "Mpe mkononi mwake. Usimwachie jirani, usimpe mtu njiani. Mkononi mwake."

Nikamuuliza kwa nini asiwape watu wa Nyabulanda wanaokuja dukani kwake. Akamwangalia mkewe. Mama Salima akaniuliza kama nitaongeza chapati. Mnajua mimi siwezi kukataa chapati, na nilipomaliza kutafuna mazungumzo yalikuwa yamehamia bei ya pamba.

Lori la Runzewe

Kesho yake nilipata lori la mashudu linalokwenda Runzewe. Juu ya magunia tulikuwa abiria wachache na baiskeli moja, na mwenye baiskeli ndiye aliyeniokoa na jua, maana alikuwa na mwavuli. Aliitwa Shija, mtu mnene, mcheshi, kofia ya pama kichwani. Alinisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," yaani mama, nikaitikia, na kuanzia hapo hatukunyamaza. Alinipa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, aliyoifunga kwenye leso, nikampa karanga. Aliniambia anakaa Nyabulanda. Nilifurahi hadi nikapiga makofi.

"Nyabulanda! Basi wewe unaweza kunieleza. Ni kweli hakuna tanuri la mkaa hata moja?"

"Hata moja, mayu. Mwaka wa kwanza tuliona taabu. Sasa hivi ukifika utaona ngitili yetu, utasema hii ni mbuga ya wanyama."

Ngitili, dada yangu, ni malisho yanayofungwa mvua zikianza, ng'ombe hawaingii mpaka kiangazi kikali, na kwa kufungwa hivyo nyasi na miti vinarudi. Hilo nalijua hata mimi wa hospitalini. Shija akanieleza jinsi wanawake walivyofundishana kufinyanga majiko, jinsi kijiji kizima kilivyokubaliana kuhusu adhabu, jinsi watoto wa kwao siku hizi wanavyozaliwa penye mwanga. Alieleza vizuri mno, kwa fahari, mikono yote miwili hewani.

Nikasema, "Na hayo yote ni kazi ya Mwenyekiti Mhoja."

Shija akafunga mwavuli. Nasema akafunga, jua likanipiga usoni. Akasema michembe ikikaa sana kwenye leso inakuwa migumu. Nikamuuliza tena, pengine upepo ulimnyima kusikia: Mhoja hajambo? Akamgeukia jirani yake akamuuliza kuhusu ng'ombe aliyevunjika mguu. Nikamuuliza jirani. Jirani akajifunika kofia akalala, mtu aliyekuwa macho makavu dakika ile ile.

Nikafikiri: amekufa. Amekufa juzijuzi, na huku kwao hawataji marehemu kabla ya matanga. Nilisikitika sana, kwanza kwa ajili yake, kisha kwa ajili ya kilima. Baadaye lori lilipokwama kwenye mchanga na wote tuliteremka kusukuma, nikamsogelea Shija nikampa pole ya msiba. Akashangaa. "Msiba wa nani?" Nikasema wa yule. Akacheka kidogo, akajizuia, akasema hakuna msiba.

Basi ni mwizi, nikafikiri. Kala fedha za kijiji, kakimbia. Tulipofika Runzewe, Shija alinishushia mzigo na lile dumu, akaniaga kwa heshima zote, akapanda baiskeli yake akaniacha. Anakwenda Nyabulanda, nami nakwenda Nyabulanda, kiti cha nyuma cha baiskeli kitupu, na mtu aliyenipa michembe yake ananiacha stendi. Nilikasirika. Nilikula sahani ya ugali wa muhogo na samaki kwa hasira, sikuhisi hata chumvi.

Machimboni

Pikapu ya wachimbaji ndiyo iliyonibeba kutoka Runzewe. Walinipakia kwa sharti kwamba nitasubiri wapeleke kwanza maji machimboni. Nikakubali, nikajikuta nimekaa juu ya jiwe katikati ya mashimo, vumbi jeupe kila mahali, makarasha ya kusaga mawe yananguruma, na watu wananiuliza kama nimekuja kununua dhahabu au kuuza maandazi. Nilipokana yote mawili wakaniangalia kwa mashaka.

Mwenye shimo mmoja, kijana mwenye ndevu anayeitwa Kidevu, aliniletea kahawa. Shimo wao wanaliita duara, na yale magogo ya kuzuia kuta zisianguke wanayaita matimba. Nikayaangalia magogo hayo kwa uchungu, maana ndiyo yaleyale yanayomaliza kilima chetu. Nikamwambia hivyo wazi. Hakukasirika.

"Bila matimba tunazikwa, mama. Wewe unaona mti, mimi naona pumzi."

Nikamuuliza juu ya Mhoja, nikisubiri naye afunge mwavuli wake. Badala yake akavua kofia.

"Yule? Yule ni baba yangu. Mvua zile kubwa, duara letu lilikaa vibaya, watu tukiwa chini. Matimba hakuna, njia ya malori imekatika. Mhoja alikuwa mchimbaji zamani, akajua muda hautoshi. Akaingia kwenye ngitili ya kwao na mashoka, akakatisha miti palepale, wakaibeba mabegani hadi hapa. Nilitolewa mimi, akatolewa mdogo wangu."

"Kwa hiyo hakuiba."

"Aibe nini?"

Si maiti, si mwizi, ni shujaa, na bado jina lake linawafanya watu wafunge milango na miavuli. Kichwa kiliniuma. Kidevu alinionyesha njia ya mkato ya kufika Nyabulanda, na kwa kuwa pikapu ilikuwa imeharibika, kama mnavyotarajia, nilikwenda kwa miguu na dumu langu kichwani.

Nyabulanda

Ngitili yao niliiona kabla ya kuona nyumba. Siwezi kuwaeleza. Kiangazi chote kile cha vumbi, halafu miti, nyasi hadi kiunoni, na ndege wanaopiga kelele. Nilisimama nikasema peke yangu, kwa sauti, kwamba nitamleta huyu mtu hata kwa kumbeba mgongoni.

Kila niliyemsalimia aliniitikia vizuri. Kwenye kisima mama mmoja alinitwisha dumu upya na kunipa pole ya safari. Nikamuuliza nyumba ya Mhoja iko wapi. Akachukua ndoo yake, ikiwa nusu, akaondoka. Nikajitafutia mwenyewe. Niliipata kwa sababu ndiyo nyumba pekee ambayo njia yake ilikuwa imeanza kuota majani.

Mwanamume wa makamo alikuwa amekaa uani anapukuchua mahindi. Nikapiga hodi. Akainua macho, akatikisa kichwa. Nikampa shikamoo, ingawa hatukupishana sana umri, nikidhani labda nimemkosea heshima. Akaweka kidole mdomoni, akanionyesha njia niliyotokea. Nikafikiri: bubu! Hakuna aliyeniambia kwamba ni bubu! Sasa nitampelekaje mbele ya kamati? Nikaongeza sauti, mnavyojua watu tunavyofanya mbele ya asiyesikia, nikapiga kelele kwamba naitwa Mama Kulwa, natoka Kolandoto, nimeleta maji ya betri kutoka kwa Nurdin, na tafadhali naomba maji ya kunywa. Nikamwekea dumu mkononi.

Alikaa nalo muda. Mke wake, Mama Limi, akatoka jikoni na kata ya maji, akamwangalia mumewe, wakaangaliana. Nilikuwa na kiu. Nikaichukua ile kata mwenyewe nikanywa yote.

Mhoja akasema, kwa sauti nzuri kabisa, "Haya. Umeshakunywa. Sasa kaa ule kabisa."

Nilikula ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yameungwa kwa karanga, na ndipo nikaelezwa. Kijiji kilikuwa kimemtenga. Mkutano wao wa jadi, dagashida, ulikuwa umemtoza ng'ombe kwa kukata miti ya ngitili bila kuuliza mtu, akakataa kulipa. Asiyelipa hasalimiwi, hapewi moto wala chumvi, hashirikishwi msibani. Hata jina lake halitajwi. Na anayemsalimia, au kupokea chochote kwake, naye pia ametengwa.

Tonge lilisimama mdomoni. "Mimi pia?"

"Nilikuonyesha kwa kidole," alisema Mhoja.

Nikamuuliza kwa nini asilipe tu huyo ng'ombe aende zake, kamati inamsubiri, kilima kinamsubiri. Akawa mkali. "Nikilipa nimesema nimekosa. Nimekosa nini? Watu walikuwa chini ya ardhi. Siku nyingine watu wakizikwa, mwenyekiti akae aogope ng'ombe wake?" Mama Limi aliinama, akaendelea kukoroga chungu ambacho hakikuwa na haja ya kukorogwa. Nilimwona amechoka. Mimi niliona Mhoja ana haki kabisa, nikamwambia hivyo, nikatoka pale nikiwa nimejaa maneno ya kuwaambia wanakijiji wake.

Hawakunipa nafasi. Yule mama wa kisimani alinipita kama anayepita mti. Zahanatini muuguzi alilipokea dumu la betri baada ya mimi kuliweka chini na kusogea mbali, maana Mhoja alikuwa ameniomba nilipeleke na kumweleza jinsi ya kujaza. Nilimweleza muuguzi nikiangalia ukuta, naye akasikiliza akiangalia dirisha. Ndani, friji ya chanjo ilikuwa inanguruma taratibu. Sijawahi kuwa mpweke kiasi kile mahali penye watu wengi hivyo.

Kesi ya mbuzi

Asubuhi watu walikusanyika kwenye uwanja wa shule. Nikaletwa katikati. Na aliyekaa kwenye kiti cha kuongoza dagashida, kofia ya pama gotini, alikuwa nani kama si Shija wangu wa michembe.

"Mayu," alisema kwa upole, "tulikuona ukiingia kwa mtu."

"Ulijua nakwenda! Kwa nini hukunionya kwenye lori?"

"Kukuonya ningemtaja."

Watu wakaguna kukubali, kana kwamba hilo ni jibu la kawaida. Nikasema sikujua. Nikasema mimi ni mgeni. Mzee mmoja akauliza mimi ni kabila gani, nikasema Msukuma, wakacheka wote, hata mimi nikacheka kwa aibu. Nikatozwa mbuzi.

Nilikuwa na maneno yangu tayari, nikayasema. Niliwaambia wanamwadhibu mtu aliyeokoa roho. Shija akasimama.

"Hakuna hapa ambaye angeacha watu wafe. Magogo yale, mayu, hata mimi niliyabeba. Bega hili. Lakini kulipokucha alipaswa kuja hapa, kabla hatujamwita, aseme jamani nimekata. Hakuja. Tulipomwita akasema yeye ni mwenyekiti. Sasa mchoma mkaa akikamatwa kesho akasema mwanangu alikuwa mgonjwa, nilihitaji dawa, tumjibu nini?"

"Kwa hiyo mnamtoza kwa kukata au kwa kutokuja?"

Shija akafikiri. "Vyote," alisema, akakaa.

Nilisimama pale naangalia ngitili kwa mbali, na kwa mara ya kwanza sikujua niko upande gani. Nilikuwa nimekuja kuchukua mfano, na mfano wenyewe umekwama hapo. Kama Mhoja ana haki, basi hawa wana makosa. Hawa hawakuwa na makosa. Niligeuza jambo lile kichwani mara nyingi, kila upande nikakuta mtu mwenye sababu nzuri.

Nikalipa. Nilimpata mbuzi kwa kuachana na vitenge vyangu vipya vya Kahama. Akachinjwa palepale, akachomwa, na Shija mwenyewe akanikatia kipande cha kwanza akasema, "Karibu nyumbani, mayu." Yule mama wa kisimani akaniletea chumvi, akanikumbatia, tukaongea kama watu walioachana zamani. Nyama ilikuwa tamu. Sitaficha kwamba nilitokwa na machozi nikila, na sikujua ni ya furaha au ya moshi.

Mhoja sikumuaga. Nilipopita kwake alikuwa uani na mahindi yake, akainua macho akaniona. Nikapita.

Kurudi

Nyahanga niliingia kwa Nurdin nikiwa na maneno makali. Akayasikiliza yote, akaninywesha chai. "Ningekuambia, usingekwenda," alisema. "Na wa kule hakuna ambaye angelipeleka dumu. Chanjo za watoto zingeharibika." Naye ana sababu nzuri! Nilimwambia nitamdai vitenge viwili kwa Mungu. Mama Salima alinipa kimoja kutoka kabatini kwake, na chapati za njiani.

Njiani kote nilikuwa nafikiri nitasema nini. Safari nzima, na nimerudi mikono mitupu.

Nyumbani

Mlikuwepo wengi siku ya kamati, mlisikia wenyewe. Masunga aliuliza, "Yuko wapi mtu wako?" Nikasema hakuja, ametengwa na kijiji chake kwa kukata miti. Mkacheka nyote. Ndipo nikasimulia, kama nilivyosimulia hapa, na kicheko kikapungua. Masunga aliniuliza mara mbili kama kweli walimfanyia hivyo mwenyekiti wao. Kisha akanyoosha mkono wa kwanza, ingawa mtu wangu hakuja. Na maneno yale "bila kujali cheo cha mtu" ni yeye aliyetaka yaandikwe kwenye marufuku; mimi hata sikuyafikiria. Tukapitisha: hakuna kukata kilimani, majiko yafinyangwe kila nyumba, atakayekosa atakaa mbele ya mkutano wa kitongoji. Siku ile nilimpenda shemeji yangu kuliko siku zote.

Kisha mvua zikaja, zikabeba daraja la kwenda hospitali. Mama Yunge, binti yako alikuwa na uchungu upande huu wa mto, sihitaji kukukumbusha. Masunga alipanda kilimani na vijana wa shoka, wakakata, na jioni magogo yalikuwa yamelala juu ya maji na binti yako amevuka. Mjukuu tunaye. Tulimshukuru Mungu, tukamsubiri Masunga aje kusema.

Hakuja. Tukamwita. Akatuma jibu kwamba amejenga daraja, na tunalipita.

Tunalipita, ni kweli. Mimi nalipita kila siku. Mkutano wa kitongoji niliufungua mimi, na kina mama ndio waliouliza yale maswali ambayo mimi niliwauliza watu wa Nyabulanda, nami nikajikuta nawajibu kwa maneno ya Shija bila kuyaamini yote. Wakaamua ng'ombe, na asisalimiwe mpaka amlete. Aliyetangaza uamuzi ni mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenyekiti. Ng'ombe hajaletwa.

Jumapili iliyopita baada ya ibada nilikuwa mlangoni namenya viazi. Masunga akaja na sukari yake kwenye mfuko wa karatasi, kama anavyoleta tangu mume wangu afariki.

"Hodi, shemeji."

Karibu ilikuwa mdomoni. Nilihisi uzito wake kwenye ulimi. Nikaangalia kiazi.

"Hata wewe?" alisema.

Yeye hakukulia hospitalini. Anayajua haya tangu utotoni kuliko mimi, hakuhitaji kuelezwa. Alisimama pale mpaka nikakata kidole kwa kisu, akaona damu, akainua mkono kana kwamba atanishika, akauteremsha. Akaiweka sukari kizingitini, akaenda zake kwa njia ya darajani.

Nililia kwa sauti, majirani walinisikia, msijifanye hamkusikia. Sukari ile sikuigusa. Mvua ilikuja mchana ikainyeshea, ikatiririka uani, mchwa wakajaa, na karatasi nikaifagia asubuhi. Sasa mnaniuliza nani ana haki, nami nawaambia sijui. Kila kukicha, kabla sijawasha jiko, natoka nje kuangalia njia ya kwake kama kuna ng'ombe anakuja.